"Malaika" na Mahari Isiyopatikana

Katika kumbi za harusi mjini Moshi nimeusikia mara nyingi wimbo "Malaika" ukipigwa kwa ajili ya bibi harusi. Watu hucheka, hucheza na kutunza. Ni ajabu, kwa kuwa anayeimba humo ni kijana anayempoteza mpenzi wake kwa kukosa mali ya kumwoa.

Mtunzi wake anabishaniwa. Wakenya wengi humtaja Fadhili William, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watanzania wengi humtaja Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916. Ubishi huo siuamui hapa. Ninachouliza ni kwa nini uchungu wa wimbo husikika katika rekodi moja na kupotea katika nyingine.

Mwaka 1981 kundi la Boney M. liliutoa kwa mdundo wa disko. Ngoma zikitangulia, umaskini wa kijana hugeuka pambo tu. Lakini mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte walikuwa wameuimba taratibu, sauti zikiwa mbele na ala zikiwa nyuma. Hapo neno la fedha halina pa kujificha. Maneno ni yaleyale, ila furaha imekuwa msiba.

Kwa mtu wa Kilimanjaro, msiba huo una historia. Zamani posa ilipelekwa kwa mbuzi na mbege, vitu ambavyo ukoo uliweza kumchangia kijana. Kahawa ilipoenea mlimani, fedha taslimu ziliingia katika kila jambo la nyumbani. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Kahawa ilisomesha watoto na kujenga nyumba za bati, lakini kihamba hakikuongezeka kadiri ya wana waliozaliwa. Aliyekosa kihamba alikosa kahawa. Aliyekosa kahawa angeposa kwa nini?

Kwa hiyo nadai kwamba wimbo huu si wa mapenzi peke yake. Ni ushahidi wa jamii iliyoanza kuupima utu wa kijana kwa fedha zake. Leo tunapozungusha kadi za michango kwa ajili ya harusi za mamilioni, mashtaka hayo yangali yanatuhusu. Ngoma kubwa hutusaidia kutoyasikia. Sauti moja na gitaa moja vyatosha kutusomea upya.