Jeshi la Anga Kuongoza Operesheni ya Pamoja: Maana Yake Nini?

Katika taarifa ya habari husikika mara kwa mara maneno "operesheni ya pamoja". Maana yake ni kwamba jeshi la nchi kavu, la anga na la majini yanafanya kazi moja chini ya kamanda mmoja. Mara nyingi kamanda huyo hutoka nchi kavu, kwa kuwa huko ndiko waliko askari wengi. Je, afisa wa anga anaweza kuongoza? Anaweza, ila lazima aandaliwe.

Kwa nini aandaliwe?

Rubani huhesabu kazi kwa saa na dakika, na jioni hurudi kambini. Askari wa miguu huhesabu kwa siku na wiki, akiwa na begi mgongoni na matope miguuni. Rubani akipewa uongozi, ni lazima ajue chakula, maji na risasi vinamfikiaje askari huyo, na majeruhi anatolewaje. Pia lazima awe na mawasiliano yanayosikika kwa wote.

Funzo la Kagera

Wazee wetu wanaikumbuka Vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Mwanzoni mwa vita hiyo, ndege za kivita za Tanzania zilitunguliwa karibu na Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania wenyewe, wakidhani ni za adui. Hapo hapakukosekana ushujaa. Kilichokosekana ni taarifa: aliye chini hakujua aliye juu ni nani. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kamanda wa operesheni ya pamoja ni kuhakikisha kila kikosi kinajua wenzake wako wapi.

Funzo la Kongo

Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi maalumu mashariki mwa Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka huo helikopta za kivita za Afrika Kusini zilishambulia ngome za waasi wa M23 milimani, na waasi hao wakashindwa. Helikopta hupiga ngome, lakini haiwezi kukaa kijijini kulinda wananchi. Hiyo ni kazi ya askari wa miguu.

Afisa huandaliwaje?

Hapa Tanzania, maofisa wengi huanzia Chuo cha Kijeshi Monduli. Baadaye wanaochaguliwa huenda Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti, mkoani Arusha. Huko rubani, mwanamaji na afisa wa mizinga husoma darasa moja na kupanga vita moja mezani. Ngazi ya juu zaidi ni Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Dar es Salaam, ambako wanajeshi husoma pamoja na watumishi wa serikali wasio wanajeshi.

Kenya inatupa mfano. Jenerali Francis Ogolla, rubani wa ndege za kivita, aliongoza Jeshi la Anga kuanzia 2018 hadi 2021. Baadaye, Aprili 2023, akawa Mkuu wa Majeshi yote. Alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Kabla ya kukabidhiwa majeshi yote, alikuwa ameshatoka nje ya kazi ya urubani. Mbali zaidi, mwaka 2011 operesheni ya NATO nchini Libya, yenye ndege na meli, iliongozwa na afisa wa anga wa Kanada, Charles Bouchard.

Inatuhusu nini Hanang na Mbulu?

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Askari wa JWTZ walifanya kazi pamoja na polisi, zimamoto, Msalaba Mwekundu na wananchi wenye majembe.

Katika maafa, jeshi huja kusaidia; halichukui nafasi ya serikali ya kiraia. Uratibu uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kupitia kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Lakini shida ni ileile ya Musoma: aliye juu hawezi kusaidia bila taarifa ya aliye chini. Mlima wetu ukifunikwa na wingu, rubani haoni nyumba wala njia. Mtu anayejua kaya ngapi ziko bondeni, nani ni mgonjwa na uwanja upi umebaki mkavu ni mwenyekiti wa kitongoji na majirani.

Kwa hiyo, kabla mvua hazijaanza, ulizeni kijijini kwenu: kamati ya maafa ipo? Orodha ya kaya za bondeni anayo nani? Nani atapiga simu wilayani usiku wa manane? Hata kamanda aliyesoma Duluti ataanza kazi yake kwa kuuliza hayo hayo.