Jirani Ndani ya Wimbo: Hoja ya Kikristo Kuhusu Sanaa, Kutoka Kigali

Makanisa ya Afrika Mashariki yamezoea kuugawa muziki mafungu mawili, wa dini na wa dunia. Mgawanyo huo unatawala vipindi vya redio, maonyo ya wazazi na mahubiri ya Jumapili. Mwimbaji akihama kutoka fungu la pili kwenda la kwanza, watu husema ameokoka. Akirudi alikotoka, husema amerudi nyuma. Nakubali kwamba mgawanyo huu una kazi yake. Ninachokikataa ni kuufanya kipimo cha mwisho cha Mkristo anayetaka kujua wimbo upi ni mwema, kwa sababu Rwanda imeuonyesha upungufu wake kwa namna ambayo hakuna kanisa linaloweza kuikwepa. Kipimo ninachokitetea kinaanza kwa swali jingine: wimbo huu unamfanya nini jirani? Unamleta mbele ya msikilizaji akiwa mtu mwenye uso na jina, au unamfuta?

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa watunzi wawili waliochota kwenye kisima kimoja. Cyprien Rugamba, aliyezaliwa mwaka 1935, alikuwa mshairi, mtunzi na bingwa wa ngoma za jadi, na kwa miaka mingi aliongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi huko Butare. Kundi lake, Amasimbi n'Amakombe, liliyachukua majigambo, nyimbo za harusi na miondoko ya kale na kuyapandisha jukwaani yakiwa na hadhi yake yote. Simon Bikindi, aliyezaliwa mwaka 1954, alikuwa mtumishi wa wizara iliyoshughulikia vijana na michezo, naye akaongoza kundi lake la ngoma, Irindiro. Wote wawili waliimba kwa Kinyarwanda kilichopambwa kwa methali na mafumbo. Wote wawili walipendwa. Rugamba alipitia seminarini, akaipoteza imani, akairudia mwaka 1982. Mwaka 1990 yeye na mkewe Daphrose wakaianzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda, kisha wakawafungulia mlango watoto wa mitaani wa Kigali. Tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipokuwa ndiyo kwanza yanaanza. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Nyimbo za Bikindi, kwa upande wake, zilipigwa na redio RTLM katika miezi ileile ambayo wasikilizaji wake walikuwa wanashika mapanga.

Sasa tuuchukue mgawanyo wa dini na dunia tuone utatusaidia nini hapa. Ala hazitofautiani, wala mapigo, wala lugha. Tena, nyimbo za Bikindi hazikuwa za ulevi wala za uasherati, yale mambo mawili ambayo mahubiri yetu huyataja kwanza yanapoukemea muziki wa dunia. Zilizungumza juu ya historia, umoja, wakulima na uhuru. Mzazi mcha Mungu aliyekuwa akimlinda mwanawe dhidi ya vilabu vya pombe vya Nyamirambo angeweza kumwacha asikilize nyimbo hizo mchana kutwa bila wasiwasi. Sumu ilikuwa kwingine: katika umoja uliojengwa kwa kumtoa mtu nje, katika historia iliyosimuliwa ili mwenyeji aonekane mvamizi.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilikutana na ugumu huohuo kwa njia yake. Katika hukumu ya Desemba 2008 majaji walikubali kwamba baadhi ya nyimbo za Bikindi zilitungwa kueneza propaganda dhidi ya Watutsi na kuchochea chuki. Hata hivyo hawakumtia hatiani kwa sababu ya nyimbo hizo, kwa kuwa haikuthibitika kwamba alizitunga kwa nia mahususi ya kuchochea mauaji ya kimbari. Kifungo cha miaka 15 alikipata kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani kati ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994. Naona majaji walifanya vema kuwa waangalifu, maana sheria ikianza kuwafunga watunzi kwa yale wasikilizaji waliyoyafanya, hakuna mshairi atakayebaki salama. Lakini Kanisa si mahakama. Sheria inauliza nia gani imethibitishwa. Dhamiri ya Kikristo inauliza pia wimbo umemzoeza msikilizaji kumtazamaje mwenzake, na swali hilo halingoji mwendesha mashtaka.

Maandiko yenyewe hayatoi kibali kwa wimbo ati kwa sababu umeimbwa madhabahuni. Katika sura ya nne ya Mwanzo, Yubali, baba wa wapigao kinubi na filimbi, anatoka katika uzao wa Kaini. Muziki unaingia katika Biblia kupitia ukoo wa mtu aliyemuua ndugu yake, na Mungu haukatai kwa ajili hiyo. Upande wa pili, nabii Amosi, katika sura ya tano ya kitabu chake, anawaambia watu wa ibada kwamba Mungu amechoshwa na nyimbo na vinanda vyao, kwa kuwa haki imekanyagwa. Zaburi sahihi katika hekalu sahihi, na bado inageuka kelele. Mkristo wa Rwanda hawezi kuisoma sura hiyo kama habari ya Israeli ya kale peke yake. Kabla ya 1994 karibu watu tisa katika kila kumi nchini walijitambulisha kuwa Wakristo. Nchi hii ndiyo iliyoupa ulimwengu uamsho wa Gahini wa miaka ya 1930, ambao wimbo wake wa Tukutendereza ulivuka mipaka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliouawa na walioua walikuwa wameimba kwa miaka kutoka vitabu vilevile. Maeneo ya mauaji ya Ntarama na Nyamata yalikuwa makanisa. Papa Fransisko alipoomba msamaha wa Mungu mwezi Machi 2017 kwa dhambi za Kanisa na watu wake, alikuwa anasema kwa adabu jambo ambalo Amosi alilisema kwa ukali.

Mpaka wenyewe kati ya dini na dunia, hata hivyo, haukuwahi kutulia mahali pamoja. Tangu Wamisionari wa Afrika walipofika Save mwaka 1900, ngoma iliyowahi kuwa alama ya ufalme ilitazamwa kwa shaka, na wimbo wa Kilatini ukawa ndio wimbo wa Mungu. Kisha padri Alexis Kagame akaanza kuandika teolojia yake kwa mtindo wa ushairi wa ikulu. Kule Kamina, Kongo, mwaka 1958, ikaimbwa Missa Luba, misa yenye lahani za Kiafrika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963 ukaagiza mapokeo ya muziki ya kila taifa yaheshimiwe. Na mwaka uleule padri Mtanzania Stephen Mbunga akachapisha utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Leo ngoma inalia wakati wa matoleo na hakuna anayeshtuka. Kilichoitwa cha dunia na babu kimekuwa cha dini kwa mjukuu, bila ngozi ya ngoma kubadilika.

Nitapingwa, na kwa sababu nzuri. Mchungaji atasema kwamba vijana wa Kigali wanazungukwa na muziki unaouza miili ya wasichana na kuusifu ulevi, na kwamba uzio wa dini na dunia, hata ukiwa mbovu, unawaokoa wengi. Sidharau hofu yake. Ila tuulize kwa nini video inayomdhalilisha msichana ni mbaya. Ni mbaya kwa kuwa imemfanya jirani kuwa kitu. Kipimo cha jirani kinaikamata dhambi hiyo moja kwa moja, tena kinamweleza kijana sababu anayoweza kuibeba hata akiwa mbali na mchungaji. Uzio unamwambia tu asiingie. Siku akiingia, hana silaha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wasanii. Watasema kwamba ukiuhukumu wimbo kwa yale unayomfanyia jirani, umeigeuza sanaa kuwa mahubiri, na uzuri utakufa. Hofu hii nayo ina mizizi ndani ya imani: Agostino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, alihangaika kwa sababu sauti nzuri ilimvuta kuliko maneno yaliyoimbwa, ingawa hakuthubutu kuufukuza wimbo kanisani. Jibu langu ni kwamba wimbo unaomwona jirani hauhitaji kumtaja Mungu wala kufundisha lolote. Wimbo wa harusi unaomsifu bibi arusi mbele ya wakwe, utani wa kuchekesha juu ya mzee mbahili, wimbo wa kubembeleza mtoto, vyote vinampa mtu mwingine nafasi ya kuonekana. Rugamba hakuitupa ngoma alipoirudia imani. Watu waliocheza naye waliendelea kucheza. Uzuri ni sehemu ya kipimo chenyewe, kwani mtunzi anayemtazama mtu kwa makini kiasi cha kumpatia lahani inayomstahili amekwisha kumpa heshima ambayo wimbo wa kulipua-lipua haumpi.

Kipimo hiki kinatukata hata sisi wa ndani. Muziki wa injili wa Rwanda uko katika kilele chake. Kwaya ya Waadventista ya Ambassadors of Christ, kutoka Remera, iliimba Kwetu Pazuri kwa Kiswahili na ikasikika hadi vijiji ambavyo havijui Kinyarwanda. Israel Mbonyi ameijaza BK Arena, ukumbi wa viti 10,000, usiku wa Krismasi, na Nina Siri yake ya mwaka 2023 imeimbwa Nairobi, Dar es Salaam na Goma. Nafurahi kwa hayo, hasa kwamba Kiswahili, lugha rasmi nchini tangu 2017, kimekuwa njia ya sala kuvuka mipaka ambayo siasa imeifanya migumu. Lakini katika muziki wa injili wa ukanda mzima pana aina ya wimbo inayonitia mashaka: mimi nimeinuliwa, walionicheka wameaibika, adui zangu watazame nikila mezani. Jirani anatokea humo mara moja tu, akiwa adui. Hana jina, hana jeraha, kazi yake ni kushuhudia mafanikio yangu. Wimbo huo una jina la Yesu katika kila ubeti, redio za dini zinaupiga asubuhi, na bado unamzoeza mwimbaji kumtazama mwenzake kwa jicho ambalo nchi hii inalijua vizuri mno.

Palipopungukiwa zaidi ni katika maombolezo. Karibu theluthi moja ya zaburi ni kilio, lakini vitabu vyetu vya kwaya vimejaa shangwe. Kizito Mihigo, mpiga kinanda Mkatoliki aliyempoteza baba yake mwaka 1994 na kusomea muziki Paris, alijaribu kulijaza pengo hilo. Kwa miaka kadhaa sauti yake ndiyo iliyobeba kumbukumbu za kitaifa. Mwaka 2014 alitoa wimbo juu ya maana ya kifo, ulioomba huruma pia kwa wafu wengine nje ya wale wa mauaji ya kimbari. Alikamatwa Aprili mwaka huo; Februari 2015 akahukumiwa miaka 10 kwa kula njama dhidi ya uongozi wa nchi; Septemba 2018 akasamehewa na Rais; tarehe 17 Februari 2020 akafa akiwa kizuizini mwa polisi, Kigali. Polisi walisema amejiua, na mashirika ya haki za binadamu yakadai uchunguzi huru. Mtu anaweza kubishana kuhusu mengi katika maisha yake. Hawezi kukana kwamba aliuliza, kwa muziki, swali ambalo mwanasheria alimuuliza Yesu kabla ya kusimuliwa habari za Msamaria: jirani yangu ni nani?

Naziomba basi kamati za liturujia na viongozi wa kwaya, Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista na Wapentekoste, wafanye jambo moja kabla ya tarehe 7 Aprili ijayo. Wawatafute watunzi wao, wawape muda na malipo ya haki, na wawaagize nyimbo za kuomboleza zinazowataja wafu wa parokia na mitaa yao kwa majina.