Deni kwa Mtoaji

Zamani, kabla hospitali haijafika katika bonde la Ruzizi, watu wa huku walikwisha kujua kupeana mwili. Walichanjiana. Babu yangu, mfugaji wa hapa Sange, alichanjiana na Mrundi wa ng'ambo ya mto, kwa sababu kiangazi kilipokausha malisho ya upande mmoja, ng'ombe ilibidi wavushwe. Shahidi aliwachanja wote wawili, damu ya huyu ikaingia kwa yule, kisha ikatajwa laana ya kumwangukia atakayemsaliti mwenzake. Tangu hapo njaa ya mmoja ikawa ya wote wawili, na watoto wao hawakuruhusiwa kuoana.

Desturi hiyo ilienea mbali. Mwezi wa Aprili 1876, huko Unyamwezi, msafiri Henry Stanley na mtemi Mirambo walifanywa ndugu vivyo hivyo. Aliyewachanja miguu ni Manwa Sera, mkuu wa wapagazi wa Stanley, naye ndiye aliyetamka laana. Wafanyabiashara wa misafara waliitumia desturi hiyo kama hati ya kupita salama. Damu ilitolewa, lakini haikutolewa bure: kila tone lilikuwa na madai yake.

Wamisheni Wapentekoste kutoka Uswidi walipoingia Uvira katika miaka ya 1920, waliukataa mkataba ule. Mchungaji aliyembatiza baba yangu aliuita ushirikina. Hata hivyo ni kanisa hilohilo lililotujengea hospitali ya Lemera, kule juu milimani, nilikofanya kazi ya uuguzi katika ujana wangu. Humo damu ilirudi kwa mlango mwingine. Mtoto aliletwa akiwa na malaria, viganja vyeupe, anapumua kwa taabu. Tukamwambia baba yake kwamba dawa peke yake haitoshi. Baba alikunja mkono wa shati. Mjomba aliyemsindikiza alitoweka, maana wanaume wengi waliamini kwamba damu ikitoka, nguvu za kiume huondoka nayo. Nesi mwenzangu alikuwa akiwajibu kwa Maandiko: Yesu aliitoa yake yote, wewe unaombwa chupa moja. Lakini hata pale aliyetoa alikuwa akimpa wa kwake. Ukoo ndio uliolipa.

Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkurugenzi wake, alinusurika, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu. Mimi nikateremka bondeni, nikabaki muuguzi wa Sange.

Kisha likaja lori. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, wengi wakiwa kwenye vibanda vya video wakitazama Kombe la Dunia, lori la mafuta lilipinduka kwenye barabara kuu iendayo Bukavu. Watu walikimbilia petroli na ndoo. Moto ukalipuka, ukawaua zaidi ya watu 230, wengi wao wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu. Nilikwenda Uvira nikatoa damu, nami sikuuliza itaingia kwa nani. Mkataba wa babu ulikuwa umegeuzwa: nimetoa, lakini sina wa kumdai. Hilo ndilo ililotuongezea imani. Iliondoa malipo.

Figo imetuletea swali lilelile, ila zito zaidi, kwa sababu damu hurudi na figo hairudi. Mwaka 1954, mjini Boston, Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo moja. Daktari Joseph Murray na wenzake walikuwa wamewauliza kwanza viongozi wa dini kama ni halali kumpasua mtu mwenye afya kwa ajili ya mwingine. Richard aliishi miaka minane zaidi; Ronald alifariki Desemba 2010, akiwa na miaka 79. Mwaka 1988 baraza la mafakihi wa Kiislamu la Jeddah liliruhusu mtu aliye hai kutoa kiungo, kwa masharti kwamba asidhurike wala asiuze. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema vivyo hivyo mwaka 2000: ni tendo la upendo, si biashara. Na umbali unapungua: hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo mwaka 2017, na ile ya King Faisal ya Kigali mwaka 2023.

Mama mmoja wa kanisa letu alikwenda India kumpa kaka yake figo. Kaka alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, mpaka shamba likauzwa. Kabla hajaondoka, wazee walimuuliza kama siku ya ufufuo atainuka na moja. Akawajibu: “Baba zangu, aliyeniumba kwa udongo hatakosa udongo wa figo.” Walicheka, wakamwombea. Mimi nilimpeleka kando, mbali na kaka na mchungaji, nikamuuliza mara ya pili kama anataka. Mtu anayeombewa mbele ya kusanyiko lote hawezi tena kusema hapana, na sadaka isiyoweza kukataliwa ni ushuru.

Alirudi na kovu ubavuni, ibada ikafanyika, shangwe zikapigwa. Kisha akasahauliwa. Kaka ndiye mgonjwa, dawa ni zake, maombi ni yake. Na yeye? Kila mwaka anapaswa kupimwa shinikizo la damu, kreatinini, na protini kwenye mkojo. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayouzwa kila duka la dawa la hapa, asiimeze ovyo akiumwa mgongo. Nauli ya kwenda kupima anaitoa kwenye faida ya muhogo anaouza sokoni.

Hapa ndipo namkumbusha mchungaji wangu mambo ya wazee wetu. Laana yao siitaki, wala madai yao. Lakini walijua kwamba aliyetoa mwili wake ana watu wa kumlinda tangu siku ile. Imani ilifanya vema kufuta malipo. Haikutumwa kufuta matunzo. Nimependekeza sadaka ya Jumapili moja kwa mwaka iwe ya vipimo na nauli ya mama huyo, maadamu yu hai. Wazee wa kanisa wataijadili mwezi ujao, nami nimeandika jina langu liwe la kwanza kwenye orodha ya watakaochangia.