Umati Unaohama

Barabara ya Shinyanga ikitoka katikati ya jiji la Mwanza hupita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani kabla ya kufika Buhongwa, na katika mwendo huo mfupi imepita jirani na sehemu moja muhimu katika historia ya uandishi wa habari nchini. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la White Fathers, alianzisha Nyegezi kituo cha mafunzo ya jamii ambacho kilikuja kufundisha uandishi wa habari miaka mingi kabla hakijawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa tamko lake juu ya vyombo vya mawasiliano: magazeti, sinema, redio na televisheni. Orodha hiyo ndiyo inayotawala hata leo. Historia ya mawasiliano ya umma, kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi, huanza na mtambo wa Gutenberg, ikapitia magazeti ya London na studio za Marekani, halafu kuelekea mwisho ikafika kwa watu kama wa Buhongwa, ambao kazi yao katika simulizi hiyo ni kupokea. Hoja yangu ni kwamba Usukuma, nchi ya Wasukuma kusini mwa Ziwa Viktoria, ulikuwa na mawasiliano yake ya umma kabla ya redio ya kwanza kuwashwa, na kwamba ukiyachunguza mawasiliano hayo utaona kasoro katika namna Magharibi ilivyozoea kuufikiria umati.

Ushahidi wangu mkuu ni mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Simulizi za Kisukuma zinawataja Ngika na Gumha, wachezaji na waganga wa karne ya 19, kuwa waasisi wa vyama hivi viwili, na karibu kila kikundi cha ngoma kilichofuata kilijihesabu upande mmoja au mwingine. Baada ya mavuno, mashamba yakiwa yamepumzika, vikundi viwili hasimu vilikutana mahali pamoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja uwanjani kwake, umbali mdogo ukivitenga. Hakukuwa na jopo la majaji wala tiketi. Watu walikuwa huru kutoka huku kwenda kule, na aliyekusanya umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Kila kitu katika sanaa hiyo kilitokana na sheria hiyo moja. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, alilazimika kuwa na wimbo mpya, kwa sababu wimbo wa mwaka jana haukumzuia mtu asivuke upande wa pili. Alilazimika kujua habari: nani kamdhulumu nani, mtemi gani ametoza nini, bei ya pamba imekuwaje. Alimkejeli hasimu wake kwa jina, naye akajibiwa papo hapo au msimu uliofuata. Wachezaji wakaingiza nyoka, nungunungu, majembe ya kurushwa na kudakwa, vinyago, hata mavazi ya kuigiza wageni. Mtu akiniambia kwamba ushindani wa kutafuta wasikilizaji ni uvumbuzi wa vituo vya redio vya kibiashara, nitamwomba aanzie hapa.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe. Ngoma haiwezi kuwa chombo cha umma, mtu atasema, kwa sababu sauti ya manju inaishia pale masikio yanapoishia, wakati gazeti husomwa Bukoba na Songea siku hiyohiyo. Lakini anayesema hivyo anapima koo la mtu mmoja na kuusahau mtandao mzima. Wimbo uliopendwa haukubaki uwanjani. Wasukuma na majirani zao Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa watu waliosafiri sana kutafuta kazi: walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, na baada ya 1940 kwenye almasi ya Mwadui. Walikwenda na nyimbo, wakarudi na nyingine. Vikundi vya kulima kwa zamu viliimba shambani kile kilichoshinda uwanjani. Ni kweli kwamba wimbo ulibadilika njiani, ukapunguzwa hapa na kuongezwa pale, na gazeti halifanyi hivyo. Sioni kwamba hilo linauondolea hadhi. Mwandishi wa gazeti la serikali Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, hakuwahi kulazimika kuona makala yake ikirekebishwa na kila aliyeisoma.

Sasa tuwageukie wanafikra wa Magharibi. Wajerumani wawili waliokimbia utawala wa Hitler, Theodor Adorno na Max Horkheimer, waliandika huko California miaka ya 1940 sura maarufu juu ya kile walichokiita viwanda vya utamaduni. Walidai kwamba sinema, redio na muziki wa kuuzwa humfanya mtu kuwa mlaji asiyefikiri: hupewa kitu kilekile katika vifungashio tofauti, naye huamini amechagua. Hofu yao ilikuwa na msingi. Walikuwa wameona taifa zima likikusanywa mbele ya spika za redio. Hata hivyo hoja yao ilifungamana mno na wingi: watu wakiwa wengi, na kitu kikitengenezwa ili kiwavute wengi, basi akili lazima itashuka. Mwenzao Walter Benjamin alikuwa ameacha mlango wazi zaidi katika insha yake ya miaka ya 1930 juu ya sanaa katika zama za kunakiliwa kwa mashine. Bertolt Brecht naye mwaka 1932 aliigusa shida yenyewe aliposema kwamba kasoro ya redio ni kuwa ya upande mmoja, na kwamba ingefaa impe msikilizaji nafasi ya kusema pia. Alilipendekeza kama jambo ambalo halijawahi kuwapo. Kusini mwa Ziwa Viktoria lilikuwapo kila mwezi wa saba, kwa watu maelfu, bila waya.

Kwa hiyo wingi si tatizo. Kinachoamua ni kama mpangilio wa uwanja unamwacha mtu aondoke na ajibu. Katika hili bahati imetupa jaribio ambalo mwanasayansi angelitamani: ngoma ileile katika mipangilio miwili. Bugobogobo, ngoma ya wakulima yenye majembe, ilichukuliwa na taifa baada ya uhuru. Mwaka 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na vijana, kisha likaundwa kundi la ngoma la taifa, na mchezo huu wa Usukuma ukawa miongoni mwa ngoma zilizopendwa sana majukwaani, hadi kwa vijana wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo wasiojua Kisukuma. Majembe yalikuwa yaleyale na mapigo yaleyale. Lakini sasa ilipewa dakika chache katika ratiba, ikachezwa kupokea wageni na kupamba sherehe, na mbele yake walikaa watu waliopangiwa viti. Hasimu hakuwapo upande wa pili. Maneno ya nyimbo yakaelekea kwenye sifa, na sababu yake si kwamba wasanii walikosa kipaji: hapakuwa na mtu wa kuhama. Umati wa kukaa kimya ambao Adorno aliuona kama zao la mashine ulitokea hapa bila mashine yoyote.

Mtu mwangalifu atanirudi kwa pingamizi zito zaidi: naupamba uwanja wa zamani. Ngoma ilitumiwa na wenye nguvu tangu mwanzo. Watemi walikuwa na waimbaji wao. Vyama vyenyewe viliamini kwamba umati huvutwa kwa dawa, na mganga wa kikundi aliogopwa kuliko mchezaji wake hodari. Kanisa nalo halikukaa pembeni. Padri David Clement wa Kanada, aliyejulikana Usukumani kwa jina la Fumbuka, aliyachukua mashindano ya Bagika na Bagalu pale Bujora, Kisesa, akayaunganisha na sikukuu ya Ekaristi katika tamasha la Bulabo, akajenga kanisa na makumbusho yenye alama za utemi. Ushirika wa pamba na chama cha TANU vilifuata njia hiyohiyo. Yote haya ni kweli, na sehemu ya dawa sitaki kuifanya ndogo. Ila tazama dawa hiyo ilitafutwa ili kufanya nini. Ilitafutwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaamrisha watu wabaki. Mwenye amri haagui.

Na tazama pia ushirika wa pamba ulivyoutumia uwanja huo, kwa kuwa hapa ndipo jambo hili lilipoingia katika siasa. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani akaukuza umoja wao hadi ukazaa mwaka 1955 Victoria Federation, ushirika uliohesabiwa kati ya mikubwa barani Afrika. Tangu 1954 hadi 1958 serikali ya Waingereza ilikataa kuruhusu TANU ifanye kazi Usukumani. Ofisi ya chama inaweza kufungwa, na mkutano wa hadhara unaweza kunyimwa kibali, lakini ngoma ya mavuno ilikuwa haiombewi kibali cha siasa, na nyimbo za pamba, za ushirika na za Nyerere ziliimbwa. Watawala haohao, katika miaka ya 1935 hadi 1937, walikuwa wameunga mkono majaribio ya sinema yaliyokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, yaliyozungusha kwa lori filamu za kuwafunza Waafrika juu ya kodi, akiba na safura. Waliamini kwamba mtazamaji wa kijijini ni mgeni wa maonyesho. Kwa Mwanza hawangeweza kukosea zaidi.

Redio ilipoenea, haikumnyamazisha msikilizaji kama ilivyotabiriwa, kwa kuwa msikilizaji alitafuta upenyo wa kupitishia sauti yake. Kadi za salamu za Redio Tanzania Dar es Salaam ndio mfano ninaoupenda. Mtu alinunua kadi dukani, akaandika jina lake na orodha ya anaowasalimu, akaituma, na kwa sekunde chache mtangazaji wa taifa akawa tarishi wake. Wasomi wengi waliona ni upuuzi. Mimi naona watu waliokataa kuwa masikio matupu. Baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo binafsi, Radio Free Africa ya Mwanza ilikua kwa kuwapa watu hawa nafasi, na ushindani wa vituo ukarudisha kitu ambacho Bagika na Bagalu wangekitambua, yaani mkono ulio tayari kuhamisha stesheni.

Mwaka 2004 Mwanza yenyewe ikawa wimbo katika uwanja wa wengine. Filamu ya Mwaustria Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliwaonyesha watazamaji wa Ulaya viwanda vya sangara, ndege za mizigo, makahaba, watoto wa mitaani na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara, yakikaangwa. Ilipata tuzo ya César Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliishutumu hadharani kwamba imeipaka nchi matope. Wengine walimjibu kwamba umaskini ule ulikuwapo na kamera haikuuleta, na katika hilo walikuwa sahihi. Lakini ukweli wa picha ni swali moja na nafasi ya kujibu ni jingine. Mwanahistoria Mfaransa François Garçon alipodai kwamba filamu ilipotosha mambo, Sauper alimshitaki kwa kashfa, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia Garçon hatiani. Wazungu wawili walishindana, mbele ya hakimu, kwa Kifaransa, juu ya kilichotokea kando ya ziwa hili. Wauza mapanki wa Mwanza walikuwa ndio habari yenyewe, na hawakuwa na uwanja wa pili wa kupigia ngoma yao ambao mtazamaji wa Paris angeweza kuuhamia.