Goma–Kinshasa: kilomita ni zilezile, safari ndiyo imerefuka

Kwa ndege inayokwenda moja kwa moja, kutoka Goma hadi Kinshasa ni karibu kilomita 1,560, safari ya saa mbili na kidogo. Tena saa ilikuwa upande wetu: saa ya Goma imetangulia ile ya Kinshasa kwa saa moja. Uliondoka hapa saa nne ya asubuhi, ukashuka kule watu wanasema ni saa tano tu.

Kwetu ndege haikuwa starehe. Hakuna barabara nzuri inayounganisha miji hii miwili mwanzo hadi mwisho. Anayepita chini hufika kwanza Kisangani, halafu anashuka na mto kwa mashua zaidi ya kilomita 1,700. Ndiyo sababu uwanja wa Goma ulikuwa mlango wetu wa kwenda mji mkuu.

Mlango huo umefungwa mara nyingi. Tarehe 17 Januari 2002, volkano Nyiragongo ililipuka, moto wake ukafunika karibu kilomita moja ya njia ya kurukia ndege, iliyokuwa na kilomita tatu. Kwa miaka mingi ndege kubwa hazikuweza kutua. Novemba 2012, M23 waliingia mjini, ndege zikasimama. Walipotoka Desemba, zikarudi.

Mwisho wa Januari 2025 waasi waliuteka mji tena, na uwanja ukafungwa. Februari ikawa zamu ya uwanja wa Kavumu, ule wa Bukavu. Mwezi huohuo serikali ya Kinshasa ilizikataza ndege za Rwanda kupita katika anga ya Congo.

Hesabu ya msafiri ikageuka. Anavuka mpaka, anapanda gari karibu kilomita 160 hadi Kigali, halafu anatafuta ndege ya kupitia Nairobi, Addis-Abeba au Entebbe. Akipita Nairobi, anaruka kwanza karibu kilomita 760 kuelekea mashariki, yeye anayetaka kwenda magharibi! Kutoka Nairobi hadi Kinshasa kunabaki nyingine 2,400. Jumlisha: zaidi ya kilomita 3,300, mara mbili ya njia ya zamani. Saa mbili zimekuwa siku nzima, pengine na usiku wake. Na lazima uwe na pasipoti, ili utoke Congo na kuingia Congo.

Mwenye pesa anazunguka. Lakini mgonjwa anayetakiwa kutibiwa Kinshasa, mwanafunzi, mama aliyekimbia vita na watoto wake wako kule, hao wanabaki kuongea kwa simu. Wengine wanazikiwa ndugu zao bila kufika kilioni.

Goma na Kinshasa hazikusogea hata hatua moja. Kwa hiyo, siku tukiulizwa amani imefika wapi, tutaangalia pia kama ndege imetua Goma, ikashusha watu wetu.