Historia Fupi ya Spika Zetu

Kando ya jukwaa leo mtaona masanduku mawili ya mbao yanayomfikia mtu mzima kiunoni. Hayo nayo ni wanakwaya wa miaka mingi, na kitabu hiki cha Jubilii kisingekamilika bila habari zao.

Spika hizi hazikutengenezewa kanisa. Mzee mmoja wa reli alizinunua Nairobi pamoja na gramafoni yake, enzi za redio ya Sauti ya Kenya. Alipostaafu alikuja nazo Makindu, na baadaye akaipa kwaya. Ndani mna ufundi ambao Chester Rice na Edward Kellogg waliueleza huko Marekani mwaka wa 1925: koili ya waya hukaa kwenye sumaku, umeme wa muziki huisukuma mbele na nyuma, nayo hutikisa koni ya karatasi. Spika nyingi za leo bado hufanya kazi hivyo.

Tulipozipokea zilikuwa zikikwaruza. Mchwa walikuwa wamekula ubao wa chini wa sanduku moja. Sponji inayoshika ukingo wa koni ilikuwa imegeuka unga, maana sponji ya aina hiyo huoza kwa umri hata spika isipotumika.

Hapo ndipo tulipokosea. Sisi vijana wa wakati huo tuliona dawa ni nguvu. Tuling'oa spika za zamani, tukapanua matundu kwa msumeno, tukaweka spika kubwa za besi kama za matatu. Jumapili ya kwanza madirisha yalitetemeka, nasi tukapongezana. Baada ya ibada, Susu mmoja aliyeimba soprano tangu kwaya ianze alituita kando. "Wanangu," akasema, "leo nimesikia ngoma. Maneno sijayasikia." Wazee wengine walisema vivyo hivyo. Susu akaanza kuketi nyuma, kisha akaacha kuja mazoezini.

Fundi wa redio hapa mjini ndiye aliyetufungua macho. Alituambia kwamba besi hutikisa kifua, lakini ili sikio litambue maneno hutegemea zaidi sauti za mitetemo kati ya 1,000 na 4,000 hivi kwa sekunde. Hizo ndizo tulizokuwa tumezifunika.

Kwa bahati hatukuwa tumezitupa spika za zamani. Meza ya chakula ya mwalimu wetu wa kwaya ikawa karakana kwa wiki tatu. Tulikwangua gundi kuukuu kwa wembe, tukabandika ukingo mpya, tukasukuma koni polepole kwa vidole huku tukitega sikio tusikie kama koili inagusa sumaku. Kapasita zilizokauka tulizibadilisha kwa nyingine za kipimo kile kile. Matundu na ubao ulioliwa tuliziba kwa mbao za mukau, mti wetu ambao mchwa hawauwezi.

Hata hivyo, walioketi katikati ya kanisa walisikia sauti nyembamba. Fundi akaja na betri ya tochi ya volti 1.5, akaigusisha kwenye nyaya za kila spika kwa mpangilio mmoja. Koni ya kwanza ilitoka nje, ya pili ikaingia ndani. Tulikuwa tumegeuza nyaya za spika moja, nazo zikawa zinapingana badala ya kusaidiana. Tukazirudisha, sauti ikajaa.

Tulimwendea Susu nyumbani, tukamwomba aje kusikiliza. Aliketi kiti cha mbele mazoezi yote, kisha akasema, "Sasa nasikia hata mnapokosea." Juma lililofuata alirudi kwenye soprano.

Baadhi yetu sasa wanapendekeza tununue mitambo mipya, na pengine wakati umefika. Tunawaombeni jambo moja: kabla ya kuuliza mtambo una nguvu kiasi gani, ulizeni kwanza ni nani kati yetu hasikii.

Karibuni tuimbe pamoja.