Alijenga Reli Chini ya Nyumba Yake kwa Miaka 20, Siku Chache Baada ya Kufariki Ikateketea

Mwaka 2019 staa mmoja mkongwe wa rock kutoka Uingereza, yule mwenye sauti ya kukwaruza na nywele za kusimama, aliwaonyesha watu kitu alichokuwa anakijenga nyumbani kwake Los Angeles kwa zaidi ya miaka 20: jiji zima la Marekani la miaka ya 1940, na maghorofa yake, madaraja yake na treni zinazotembea. Hata akiwa kwenye ziara alikuwa anakodi chumba cha ziada hotelini ili aendelee kugundisha na kupaka rangi. Wenzake wanasifika kwa kuvunja vyumba vya hoteli, yeye anajenga majengo humo humo.

Ukisikia hivyo unaweza kucheka. Mzee mzima na treni za kuchezea? Lakini yeye alichelewa tu kwenye foleni ndefu.

Foleni yenyewe ilianzia Ujerumani. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni ndogo zenye reli unazoweza kuongezea kipande kwa kipande. Biashara kali hiyo: mtoto akishapata treni, kila sikukuu mzazi anarudi dukani kununua reli nyingine. Mwanzoni mwa karne iliyofuata Lionel ya New York ikaja na treni za umeme, na inasimuliwa kwamba ya kwanza ilikuwa pambo la dirisha la duka, ila wateja wakawa wanataka pambo lenyewe.

Kufikia miaka ya 1930 akina baba walikuwa wameshawanyang'anya watoto. Mwaka 1934 gazeti la Model Railroader lilianza kuchapishwa Wisconsin, na hao hawakutaka kabisa neno "kuchezea" litajwe mbele yao.

Sasa kwa nini chini ya nyumba? Nyumba nyingi za kwetu hazina basementi, ukitaja basementi mtu anafikiria maegesho ya magari. Lakini Marekani kwenye baridi kali, chumba cha chini ndiko lilikokaa tanuru la kupasha nyumba joto, na pembeni rundo la makaa ya mawe. Baada ya Vita Kuu ya Pili makaa yakaanza kuachiwa mafuta na gesi, rundo likaondoka, nafasi ikabaki. Mama watoto hana haja nayo, wageni hawafiki. Baba akashuka na mbao zake.

Kipimo kilichoshika chati kinaitwa HO, yaani kila kitu kinagawanywa kwa 87. Behewa la mita 26 linakuwa na urefu wa sentimita 30 hivi. Ila hesabu hiyo ina mtego: kilomita moja ya kweli bado inadai mita 11 na nusu za chumba. Ndiyo maana reli zinapanda ukutani, zinazunguka, zinapotelea kwenye mahandaki na kuibukia juu zaidi. Ukiangalia huoni duara, unaona safari.

Aliyeujua ujanja huo kuliko wengi ni mpiga picha mmoja wa Monterey, California. Alikuwa na moyo dhaifu tangu utotoni. Reli yake aliiita Gorre & Daphetid, jina ambalo ukilitamka haraka linasikika kama Kiingereza cha mtu aliyelowa damu na kushindwa. Utani wa mtu aliyejua hali yake? Labda, au ni utani tu. Mtu huyo huyo alikuwa na sanamu ya dinosaria iliyofanya kazi ya injini ya kupanga mabehewa stesheni.

Toleo la mwisho la reli hiyo alilianza miaka ya 1950 mwanzoni, chini ya nyumba yake. Milima ya plasta ilitoka sakafuni hadi karibu na dari, mgeni anatembea katikati kama yuko bondeni. Aliweka vioo ili mtaa mfupi uonekane mrefu. Na wakati wengine waling'arisha injini zao kama viatu vya harusi, yeye alizipaka kutu, masizi na vumbi. Leo kila mjenzi anafanya hivyo, lakini enzi zile lilikuwa jambo geni. Kisha akapiga picha, magazeti yakachapisha, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Monterey wakaijua kila kona ya milima ile.

Marafiki walikuwa wanakuja usiku kuendesha, na hapo si kuzungusha treni tu. Kuna ratiba, kuna mizigo ya kufikisha, mmoja anangoja njia ili mwenzake apite. Watu wazima wanagombana kabisa juu ya treni iliyochelewa, kisha wanacheka.

Mapema Januari 1973 moyo ule ukasimama. Alikuwa amekaribia kukamilisha njia kuu, kazi ya karibu miaka 20, lakini hakuimaliza. Wenzake hawajajua hata waifanyeje, siku kama 10 baada ya kifo chake, nyumba ikashika moto. Sehemu kubwa ya reli ikateketea.

Picha zikabaki. Mwaka 1981 kilitoka kitabu kizima juu ya kazi yake, na baadaye mashabiki wakakaa nazo ili waichore upya kwenye kompyuta. Ila kuna vile vioo: mtaa unaoonekana mrefu kwenye picha huenda ulikuwa mfupi tu.